Leo Tarehe Ngapi, Mjomba

Mjomba,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Nilikuwepo tulipokuzika kwenye mwinuko nyuma ya shule, kwa sababu makaburi ya ukoo yalikuwa bado chini ya maji. Hata kule juu shimo lilikuwa linajaa, wanaume wakipokezana ndoo, na Mama akasema tungoje yapungue. Hayakupungua. Tukakulaza kwenye udongo uliokuwa unang'aa kwa maji, na mimi nikawa nawaza jambo la kijinga, kwamba wewe hukupenda kitu chochote kilichowekwa penye unyevu.

Hali yangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo inayonifanya niandike. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo pale kaburini. Nilisimama mpaka miguu ikachoka, kisha nikarudi nyumbani bila kusema neno. Unanijua.

Nianze na mambo madogo. Matokeo ya mtihani yalitoka. Si mabaya, lakini si yale uliyonitabiria mbele ya watu. Mama alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Shamba la mpunga limerudi kuwa shamba, ingawa mto umehamisha mpaka wetu na wa Baba Jilo, na sasa yeye na Mama wanasalimiana kwa mbali. Migomba yote ya chini imekufa. Mbuni wako wa plastiki, yule aliyekuwa juu ya kompyuta, nilimkuta kwenye matope akiwa hana kichwa. Ninaye.

Baada ya mazishi Sista Priska alikuja nyumbani akamwambia Mama, "Niachie huyu binti. Afagie, achemshe chai, angalau asikae na majonzi." Kwa hiyo niko zahanati kila siku. Mwanzoni tulikuwa kwenye darasa tuliloazimwa na shule, kwa kuwa jengo letu lilikuwa na matope hadi kwenye kitasa. Sasa tumerudi. Mstari wa maji uko ukutani, unanifika kifuani. Vibanda vya wagonjwa wa kifua kikuu vimejengwa upya, vinne tu, na wafugaji wameanza tena kuja kukaa ile miezi miwili ya kwanza ya kumeza dawa mbele ya macho ya Sista.

Unakumbuka likizo zile? Wengine walikwenda Garsen sokoni, mimi nikaja kukaa nyuma ya kiti chako. Hukuniuliza kwa nini siongei. Ulinisogezea tu kigoda. Ukanionyesha namna programu yako, uliyoiita daftari, ilivyopanga wagonjwa: jina, jina la baba, siku ya kupewa dawa, siku ya dawa kuisha, na mahali pa kumpata. Hapo mahali ndipo ulipowashinda wote. Daktari alikuwa anataka sanduku la posta. Ukamwambia ng'ombe hawana sanduku la posta. Kwa watu wetu wa mtoni uliandika kijiji na shamba, na kwa wafugaji wa Kiorma uliandika malka, zile njia wanazoshushia ng'ombe mtoni kunywa, malka ya masika na malka ya kiangazi, kila mtu na yake. Ulisema mtu anaweza kuhama mara sita kwa mwaka, lakini ng'ombe wake lazima anywe, na wewe utamsubiri pale anaponywa.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Unawasha mashine. Inakohoa. Halafu sauti yako inapita ukutani hadi stoo ya dawa, ambako kalenda ilitundikwa na mimi nafagia: "Rahel! Leo tarehe ngapi?"

Na mimi ilinibidi nijibu kwa sauti, kwa sababu ukuta ni mnene. Nje, wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri, na wote walijua kwamba nitasema kwa sauti ndogo, na kwamba utauliza tena. "Sijasikia!" Wanacheka. Habiba ndiye aliyezidi. Habiba binti Wario, yule mama mrefu aliyekuja mwezi wa tisa akiwa mifupa mitupu, na baada ya wiki sita akawa anawagombeza wagonjwa wenzake wasiomeza vidonge. Alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. "Msichana! Wewe nameza nini? Sauti yako iko tumboni? Toa!" Halafu anakugeukia wewe dirishani: "Komora, nyinyi watu ya mto hii mtoto munampa maziwa ama munampa samaki tu? Lete kwangu mwezi moja. Atapiga kelele kama ngamia."

Ulicheka mpaka ukafuta macho. Mimi nilidhani ni mchezo wako. Nilidhani unauliza tarehe ili kunifunza kusema. Kwa miaka miwili niliamini hivyo. Shika neno hilo, Mjomba, kwa sababu nitalirudia.

Siku maji yalipoingia, ulituhangaisha wote. Watu walikuwa wanabeba magodoro na wewe umekaa mbele ya kioo cha kompyuta huku maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Sista alikuwa anagawa dawa zote zilizobaki, miezi mitatu kwa mkupuo, jambo ambalo hamkuwahi kulifanya, kwa sababu hakuna aliyejua barabara itafunguka lini. Ulimwita kila mgonjwa, ukaandika alichopewa. Kisha ukanakili kila kitu kwenye disketi tatu, ukazitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, ukayeyusha mshumaa ukaziba kifuniko. Kadi za karatasi zilikwenda na maji alasiri ileile. Mashine ulijaribu kuipandisha juu ya kabati, kabati likaanguka.

Halafu homa. Sitaiandika homa. Ulikuwepo. Nitaandika tu kwamba siku ile ulipokuwa na nafuu kidogo ulinipa kopo ukasema, "Ikija mashine nyingine, waambie hili lipo. Usingoje." Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini ulisikia.

Mashine ilikuja, Mjomba. Wiki ya mwisho ya mwezi wa pili, juu ya lori la kwanza kutoka Malindi, imefungwa ndani ya blanketi. Imetumika, lakini ni bora kuliko ile yako. Aliileta kijana wa kujitolea, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, anaitwa Otieno. Ndani yake hakuna ule mfumo uliouzoea. Ina Linux. Otieno alieleza kwamba haununuliwi, umeandikwa na watu wa nchi nyingi ambao wengine hawajawahi kuonana, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoandikwa, na kuurekebisha akiweza. Ungependa sana. Ungemkalia yule kijana asile.

Kesho yake walifanya mkutano. Daktari, Sista, mzee wa kamati, na Otieno. Mimi nilileta chai.

Daktari alisema, "Daftari la Komora limekwenda na maji, na Komora mwenyewe amekwenda. Tuanze ukurasa mpya. Mgonjwa anayeumwa atakuja mwenyewe."

Otieno akauliza, "Hakuna nakala popote? Hata disketi moja?"

Akazungusha macho chumbani, akimtazama kila mtu. Yakanifikia na mimi. Nilikuwa nimeshika sinia. Kopo lilikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu, limefungwa kwa kanga. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ninazo mimi, basi. Nikahesabu vikombe. Vilikuwa vinne, nikavihesabu tena. Mzee wa kamati akasema, "Binti, sukari," na mkutano ukaendelea.

Najua utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoniuliza. Niliogopa kwamba unyevu umeziua disketi, na nikizileta mbele yao zikakataa kusomeka, watacheka. Si kunicheka mimi, mimi nimezoea. Wangekucheka wewe, kwamba ulifia takataka. Nikaamua kwanza nihakikishe mwenyewe, peke yangu, halafu ndipo niseme. Nilidhani huo ni uangalifu.

Na siku ileile nilipewa nafasi ya pili. Otieno aliniona nimesimama mlangoni natazama kioo. "Dada, unaipenda hii kitu?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanionyesha. Alikuwa na mchezo mmoja wa zamani, wa mashine za aina ya ile yako, na akasema kwa kawaida mchezo huo haungeweza kufanya kazi kwenye Linux, kama vile mtu asiyejua lugha ya nyumba aliyoingia. Lakini kuna programu nyingine, dosemu, nayo ya bure, na kazi yake ni kuutengenezea mchezo ule chumba kinachofanana na kwao. Kila mchezo ukiomba kitu kwa lugha yake, dosemu inapokea, inakiomba upya kwa lugha ya Linux, inauletea. Mchezo wenyewe haujui kwamba uko ugenini. Akaniambia ziko na nyingine za namna hiyo, moja ya programu za Windows, bado changa, watu wanaijenga polepole.

Nilielewa palepale. Daftari lako lingeweza kukaa katika chumba kile.

Alinigeukia akasema, "Una swali?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Akaniachia karatasi za maelezo, rundo zima, za Kiingereza, akaondoka na lori alfajiri.

Nilianza peke yangu. Mchana Sista akienda kula, kabla jua halijashuka kwenye paneli za sola, nilikuwa na saa moja na nusu. Nilimwambia nafuta vumbi. Nta ya mshumaa niliichubua kwa kisu. Disketi ya kwanza ilikuwa na ukungu, haikusomeka. Ya pili ilisoma ikakwama. Ya tatu ikasoma yote, polepole, ikitoa ile sauti yake ya kusaga, na nikaweka mkono juu ya mashine kama mtu anayetuliza mtoto.

Lakini programu haikufunguka. Kwanza ilisema kumbukumbu haitoshi. Nikasoma karatasi na kamusi yangu ya shule, nikabadilisha nambari moja. Ikafunguka ikafa. Nikabadilisha nyingine. Siku nyingine ilinifungia kibodi chote, nikazima mashine kwa kuchomoa waya, nikiogopa kwamba nimeiua. Wiki ya pili ikaisha. Kila asubuhi nilijiambia, leo nitamwambia Sista. Kila asubuhi nilijibu, ngoja kwanza ifunguke.

Siku ilipofunguka nilikuwa nimekata tamaa, naangalia nje. Nikageuka, nikaona maandishi yako. KARIBU. MTUNZAJI: KOMORA. Mistari ya jedwali ilikuwa imevurugika, imekuwa herufi za ajabu ajabu kama majani, lakini majina yalisimama sawasawa katikati yake. Nililia nikaloanisha kibodi. Ilikuwa ni wewe. Hata yale makosa yako ya kuandika mji wa Kipini kwa herufi ndogo yalikuwepo.

Nikabonyeza kama ulivyokuwa unabonyeza, nipate orodha ya waliochelewa. Ikajibu: WALIOCHELEWA: HAKUNA. MUNGU ASIFIWE.

Uliiandika mwenyewe ile sifa. Nakumbuka siku uliyoiongeza.

Nami nikamsifu Mungu. Nilisikia mzigo unashuka. Kama hakuna aliyechelewa, hakuna haraka. Naweza kupanga maneno yangu vizuri, nirekebishe na ile mistari ya jedwali, halafu niwaonyeshe kitu kilichokamilika. Kila siku mbili tatu nilifungua nikatazama. HAKUNA. Nikafunga. Hivi ndivyo nilivyopitisha wiki tatu nyingine. Mtu mzima angejiuliza inawezekanaje, baada ya mafuriko yale, wafugaji wote wawe na dawa. Mimi nilitaka iwe hivyo, kwa hiyo sikujiuliza.

Halafu Habiba akaja.

Hakuja kwa miguu. Aliletwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne, mumewe Godana akiwa mbele. Ng'ombe wao karibu wote wamekufa, kama si kwa maji ni kwa ugonjwa uliofuata maji. Godana alimwambia Sista kwamba dawa zilipoisha alimtuma mdogo wake zahanati. Kijana alifika jengo la zamani, akakuta mlango umezibwa na matope. Hakukuwa na mtu wa kumwambia tuko shuleni. Akarudi akasema mahali pale pamekufa. Wakangoja. "Komora anajua malka yetu," Godana alisema. "Tukasema, Komora atakuja."

Hawakuwa wamesikia kwamba umekufa.

Sista akakimbilia sindano. Mimi nilibaki nimeshika kikombe cha maji karibu na kichwa cha Habiba. Alikuwa amerudi mifupa. Alifungua macho, akanitambua, na unajua alivyo, hata pumzi ya kusema hakuwa nayo lakini utani alikuwa nao. Akapiga ubao wa kitanda kwa kiganja, mara moja, polepole. Akaigiza sauti yako.

"Msichana. Leo tarehe ngapi?"

Nikajibu. Kwa sauti, Mjomba, kwa sababu nilitaka asikie. Nikataja siku na tarehe na mwezi, na neno la mwisho lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu nikaelewa.

Haukuwa mchezo. Mashine yako ya zamani betri yake ya saa ilikuwa imekufa, kila ukiiwasha ilikuwa inauliza ni siku gani, nawe ukaniuliza mimi. Bila tarehe daftari haliwezi kujua nani amechelewa. Hii ya Otieno nayo betri yake imekufa. Ikizimwa jioni, asubuhi inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, kabla Habiba hajaolewa. Lakini Linux haikuniuliza kitu. Ilijitungia tarehe yake, dosemu ikaipeleka kwa daftari kama ilivyo, na daftari likaamini, na mimi nikaamini. Kwa mashine ile, dawa za kila mtu zilikuwa hazijaanza hata kutolewa.

Nilikimbia. Kikombe nilikiangusha. Niliandika tarehe ya kweli, nikafungua daftari lako, nikabonyeza. Kioo kikajaa. Majina yalishuka mpaka chini yakaendelea ukurasa wa pili. La kwanza: HABIBA WARIO. Dawa imeisha, na siku yenyewe. Nikaihesabu nyuma kwa vidole.

Ilikuwa siku mbili baada ya mkutano wa chai.

Siku mbili baadaye. Ningesema yale maneno matatu, mtu angemkuta akiwa bado na vidonge mkononi.

Nilitoka nje nikapiga kelele. Sijui nilisema nini mwanzoni. Sista anasema nilikuwa nasoma majina tu, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo wanawake wanaofua mtoni waliisikia. Daktari akaja, akatazama kioo. "Hii imetoka wapi?" Nikamwambia. "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu kabla ya mkutano. Ilikuwa chini ya kitanda changu." Nilingoja anipige kofi. Alivua miwani akaifuta kwenye koti, akaivaa, akasema, "Printa inafanya kazi?" Hilo tu. Ningependa angenipiga.

Habiba alikufa siku ya tatu, saa nne asubuhi, watu wakiwa kwenye benchi. Sista anasema mapafu yake yalikuwa mabovu tangu mwanzo, na njaa ya mafuriko, na homa, na kwamba pengine hata angepata dawa kwa wakati asingemaliza mwaka. Anasema pengine. Nimelishika hilo neno nikaligeuza kila upande. Halinipi usingizi wala haliniondolei.

Orodha yako imefanya kazi, lazima nikuambie na hilo. Sista alichukua mtumbwi hadi vijiji vya kuelekea Kau. Daktari alikwenda kwa pikipiki upande wa malisho, malka hadi malka, akiuliza kwa majina ya ng'ombe na rangi zao kama ulivyomfundisha na akakubishia. Malka mbili mto umezila, hazipo tena. Lakini watu aliwakuta karibu na zilipokuwa, kama ulivyosema, kwa sababu lazima wanyweshe. Wengi wamerudi kwenye dawa. Wawili, Daktari alionyeshwa makaburi yao. Mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa, yule aliyekuwa anakuletea tende. Hao nao nawahesabu, ingawa siku zao kwenye daftari zilipita wewe ukiwa bado hai na maji yamejaa kila mahali. Sista ananikataza nisiwahesabu.

Sasa kazi ya kompyuta ni yangu. Hakuna aliyenitangaza, ilitokea tu. Kila asubuhi nawasha, naandika tarehe kwa mkono wangu, halafu nafungua daftari. Nimebandika karatasi juu ya kioo: TAREHE KWANZA. Mistari ya jedwali bado imevurugika. Nimeiacha.

Ila nikuambie kitu kuhusu zile karatasi za Otieno. Baada ya Habiba nilizisoma tena, zote, hata kurasa nilizoruka. Mwishoni kuna ukurasa ambao wale waliotengeneza dosemu wameandika kasoro za kazi yao wenyewe. Hiki hakifanyi kazi. Hiki kinaweza kukupotezea faili. Hiki tulikosea, bado hatujui dawa yake. Na chini wameweka majina yao, dunia nzima isome. Nilikaa na ukurasa ule mapajani. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mtu hufichua kitu kikishakamilika. Hawa wamekitoa kikiwa na mashimo, wakaonyesha mashimo yako wapi, ili mtu mwingine asitumbukie.

Kama ukurasa wangu ungekuwa umebandikwa ukutani siku ile ya chai, hata kama ungesomeka hivi tu: ninazo disketi, sijui kama zinasomeka, naogopa. Ungetosha.

Nimemwandikia Otieno. Nimemweleza yote, kuhusu betri na kuhusu mimi. Amejibu kwamba ataongeza maneno kwenye maelezo anayowapa watu, ili yeyote anayehamishia daftari la zamani kwenye mashine ya namna hii aangalie saa kwanza. Ameniuliza kama aweke jina langu. Nimesema aliweke.

Mtu mmoja hajui. Godana. Alimzika mkewe akarudi malishoni na watoto watatu, na alipoondoka alimshika Daktari mkono akashukuru. Mimi pia alinishukuru, kwa maji. Anaamini ni mto uliomuua Habiba. Nilimwambia Sista nataka kwenda kumweleza, akanivuta kando. "Rahel, haitamrudisha. Utawasha moto bure, na watu wa mtoni na wafugaji wanaishi vizuri hapa. Nyamaza."

Ni mara ya kwanza maishani mtu kunishauri ninyamaze, na nimeshindwa.

Kwa hiyo leo naenda, nikishawasha mashine na kutoa orodha. Malka yake naijua, iko kwenye daftari lako, mwendo wa asubuhi moja. Mama amekubali kunisindikiza hadi kwenye mikoko ya ukingo wa pili, zaidi ya hapo amesema hana miguu, lakini nadhani hana moyo. Sijui Godana atafanya nini. Anaweza kunifukuza. Anaweza kulia, na hilo naliogopa zaidi. Nimechukua dawa ya mtoto wake wa pili, ambaye Sista anashuku kifua chake, ili hata akinifukuza nimwachie mlangoni. Nimejaribu kupanga maneno. Yamebaki mawili kati ya yale matatu, na moja la kuongeza: ninazo mimi, nilinyamaza.

Barua hii nitaizika kwenye mwinuko nikipita. Nitaitia ndani ya kopo lako, nizibe kwa mshumaa, kwa hiyo usihangaike na unyevu. Siombi unisamehe leo. Ukisamehe kabla ya Godana nitaona nimependelewa. Ninakuahidi hili tu: hakuna mgonjwa wa daftari lako atakayesubiri tena nikiwa nahesabu vikombe. Nikiwa na nusu ya jambo, nitasema nusu. Sauti ikitetemeka, itasikika ikitetemeka.

Pumzika, Mjomba. Benchi limejaa tayari, nawasikia nje. Hakuna anayepiga ukuta siku hizi, na hakuna anayeuliza. Nasema mwenyewe, dirisha likiwa wazi, kabla sijagusa kitufe.

Leo ni Jumanne, tarehe tisa.

Mpwa wako,
Rahel